Dawa ya minyoo ya ndooni haiwafikii kuku wanaoihitaji

Ukimuuliza mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji huku Pwani habari za minyoo, atakwambia anawapa dawa kila baada ya miezi mitatu. Muulize anawapaje: kwenye maji. Unga kijiko kimoja ndani ya ndoo, ndoo inawekwa uani, kazi imeisha. Mimi nasema kwa kundi linalojitafutia, tena lililochanganyika kuku, bata, kanga na bata mzinga, hapo umeinywesha ardhi.

Angalia banda likifunguliwa asubuhi. Bata ndiye wa kwanza kufika majini, na bata hanywi tu: anaosha mdomo, anaosha kichwa, akipata nafasi anaingia mzima. Muda si mrefu ndoo ni tope. Kanga wameshakwenda zao vichakani. Jogoo na matetea wakubwa wanakunywa wanavyotaka, na yule mtamba aliyekonda, mabawa yameshuka, upanga umepauka, anadonolewa na kusukumwa pembeni. Ataenda kunywa pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Huyo ndiye mwenye mzigo wa minyoo kuliko wote, na ndiye aliyekosa dawa.

Ajabu ni kwamba kushika kuku mmoja mmoja tunaweza. Chanjo ya mdondo ya I-2 tunaidondosha jichoni, tone moja kila kuku, wala hakuna anayelalamika, maana kila mtu ameshaona mdondo ukifagia banda zima. Minyoo haiui kwa kishindo. Inapunguza mayai, inakondesha, inadumaza vifaranga, basi tunaitupia ndoo na kwenda zetu. Wakati mambo haya mawili yanakwenda pamoja: kuku aliyejaa minyoo, mwili wake hauipokei chanjo vizuri. Ndiyo maana dawa ya minyoo inatakiwa itangulie chanjo kwa wiki moja au mbili.

Mimi huwapa usiku wakiwa wamelala. Kuku gizani ni mpole, unamwinua kama unavyookota yai. Kwanza napima uzito, kiroba na mizani ya kuning'iniza vinatosha, kwa sababu jogoo wa kuchi anaweza kuwa mara mbili ya tetea wa kawaida na kipimo chao hakiwezi kuwa kimoja. Halafu bomba la sindano lililotolewa sindano: lipitishe pembeni mwa mdomo, toa kidogo kidogo, mwache ameze. Ukimimina kwa pupa dawa inaingia njia ya hewa, na utamzika kuku aliyekuwa anaumwa minyoo tu.

Dawa yenyewe nayo ina maneno. Dukani mara nyingi utapewa piperazini, bei yake ni nafuu, na muuzaji atakwambia, “Mama, hii inamaliza minyoo yote.” Haimalizi. Piperazini inaiweza ile minyoo mikubwa ya mviringo, ya sentimita 5 hadi 12, unayoikuta ukipasua utumbo jikoni, tena iliyokwisha kukomaa. Tegu haiwagusi. Ukiona vipande vyeupe, bapa, vinavyojisogeza juu ya kinyesi kibichi, hao ni tegu, na kuku wamewapata kwa kula sisimizi na mbawakawa. Hapo ulizia dawa za jamii ya albendazoli au fenbendazoli, na usome kipimo cha tegu, kwani huwa kikubwa kuliko cha minyoo mingine. Kama una njiwa, usiwape hizo mbili. Zinaharibu uboho wa mifupa yao, na wanakufa. Mayai nayo, usile wala usiuze kwa siku zilizoandikwa kwenye maelezo ya dawa. (Najua wengi hatusomi ile karatasi. Isomwe.)

Ila ugomvi wangu mkubwa ni huu mtindo wa kununua bata mzinga wawili watatu na kuwaachia uwanja mmoja na kuku. Kuku ana minyoo midogo, myembamba, haifiki hata sentimita mbili, inayokaa kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Kuku mwenyewe haimsumbui sana. Lakini ndani ya mayai ya minyoo hiyo hujificha kijidudu cha ugonjwa mwingine kabisa, kinachoshambulia hivyo vifuko na ini. Kuku anakibeba akiwa mzima wa afya. Bata mzinga akidonoa yai hilo ardhini, au akila nyungunyungu aliyelimeza, anaanza kuharisha kinyesi cha njano ya kiberiti, anajikunyata, anakufa. Ukimpasua, ini lina madoa ya duara. Chanjo yake haipo. Na mayai ya minyoo hiyo hukaa udongoni miaka, hivyo hata ukiuza kuku wote leo, uwanja wenyewe bado unao.

Kwa hiyo mwenye uwanja mmoja achague, kuku au bata mzinga. Aliyekwisha kuwanunua awatengee upande ambao kuku hawajawahi kukanyaga, na kuku wapewe levamisoli au fenbendazoli, kwa sababu piperazini kwa minyoo hii midogo ni dhaifu.

Mshubiri na pilipili kichaa sivikatazi, wape ukipenda. Ila visichukue nafasi ya dawa, hakuna anayejua amempa kuku wake kiasi gani.

Kuna atakayesema ana kuku mia mbili, hawezi kushika mmoja mmoja. Haya, tumia maji, lakini kwa masharti. Ondoa vyombo vya maji jioni, asubuhi usifungue banda. Changanya dawa kulingana na uzito wa kundi, kwenye maji watakayoyamaliza ndani ya saa chache, na vyombo viwe vingi ili wanyonge nao wafike. Bata uwatenge kwa chombo chao. Mpaka maji yaishe, hakuna kutoka nje. Mchana huohuo zoa kinyesi na maranda yote ukayarundike mbali na banda, hasa masika yakikaribia, maana kwenye joto na unyevu yai la minyoo huhitaji wiki mbili tatu tu kuwa tayari kumwingia kuku mwingine.