Maziwa ya Kuku

Ndiyo, ni mimi yule niliyeumbuka kwenye kikao cha maabara. Mshikaji wangu wa meza ya pili keshaisambaza stori, tena kwa chumvi nyingi, ati nililia. Sikulia. Macho yaliniwasha tu.

Nilitaka kujua kama hamira yangu, ile mutanti (yenye jeni zilizobadilika) niliyoilea kama mwanangu, bado ina vimeng'enya vyake vyote vya upumuaji kwenye mitokondria. Nikaenda kuomba kingamwili, yaani protini ya kunasia protini nyingine maalumu, kwa majirani wanaofanyia kazi panya. Wakanipa ya kunasa NDUFB8, kipande kimoja cha kompleksi ya kwanza, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo. Kichupa kimeandikwa wazi: binadamu, panya. Hamira haimo. Nikajisemea, aah, mitokondria ni mitokondria.

(Nyie wa maabara mlioanza kucheka hapo, nawaona. Tulieni.)

Wiki tatu! Jeli, utando, maziwa ya unga asilimia 5 ya kuzibia, kingamwili usiku kucha kwenye baridi, osha, osha tena, kisha picha: protini ikinaswa, mstari unatokea. Peupe. Porini inawaka kama taa (ni protini hiyo, msinipeleke kwa fisi), maana yake mitokondria zimo. Nikaongeza sampuli. Peupe. Nikaongeza kingamwili mara tano. Peupe pe! Mwishowe nikaiacha picha dakika 30 nzima, na pale, jirani kabisa na kilodaltoni 20, uzito niliokuwa nautarajia, kamstari. Hafifu, kamepinda kidogo, lakini kapo. Nilicheza peke yangu kwenye chumba cha giza.

Sasa kikao. Picha imejaa ukuta mzima. Nimemaliza kusema "kwa mara ya kwanza". Profesa anavua miwani. Anaifuta. Anaivaa.

"Hii ni hamira gani?"

"Saccharomyces cerevisiae, Profesa."

"Ile ya mikate?"

"Ndiyo, ya mikate."

Kimya. Projekta inanguruma.

"Na umesema kompleksi ya ngapi?"

"Ya kwanza," nikajibu, kifua mbele. Kifua mbele, jamani!

Kijana wa mafunzo, ambaye ana siku nne tu tangu aje, akanyoosha mkono taratibu, kama anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. "Samahani, kaka. Hamira hiyo si haina kompleksi ya kwanza? Si inatumia Ndi1, protini moja tu, wala haisukumi protoni?"

Nikasikia masikio yakipata moto, moja baada ya jingine. Lakini nikajitetea, mjinga mimi: "Sasa huu mstari ni nini?"

Profesa akainuka, akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kugusa. Akatazama. Akainamisha kichwa kushoto. Akatazama tena.

"Mbona mstari wako una mistari?"

Lilikuwa dole gumba langu. Chapa kamili, mikunjo yote, ya kutosha kwenda kuombea kitambulisho.

Yaliyofuata ni machache. Nilikaa. Nilirudisha kingamwili kwa wenyewe. Nikapata nyingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya hamira, ya kunasa Cox2, protini ya upumuaji ambayo hamira inayo kweli, na mstari ukatoka siku ileile, mnyoofu, hauna alama ya mtu.

Ila leo asubuhi nimefungua friji nikakuta yale maziwa yangu ya kuzibia yaliyobaki yamebandikwa karatasi, mwandiko naujua: "Maziwa ya kuku. Msimwage, mwenyewe bado anakamua."