Faini ya mwenye nyumba haizimi moto

Vyumba vya kupanga hapa Arusha vina sheria ambayo haimo kwenye mkataba wowote: kitu kikiharibika, mpangaji ndiye kaharibu. Soketi ikiungua, ulikuwa unatumia jiko la umeme. Gesi ikilipuka, hujui kutumia gesi. Baba mwenye nyumba anafika, mikono kiunoni: "Nani kafanya hivi?" Sijamsikia hata mmoja akiuliza waya ule ulifungwa lini na fundi gani.

Nilipokuwa nimepanga Sanawari, soketi ya jirani iliungua kwa hita ya kuchemshia maji ya ndoo. Plastiki iliyeyuka, ukuta ukawa mweusi mpaka usawa wa swichi. Jirani akatundika kalenda juu yake. Alijua ya kwamba akisema atatozwa elfu hamsini na kuambiwa ahame kodi ikiisha. Basi akavuta umeme kwa ekstensheni kutoka soketi nyingine, nasi wa vyumba sita tukaendelea kulala na ule waya uliobabuka ndani ya ukuta wetu. Mwenye nyumba wa faini haletewi habari, na cheche ndogo ndiyo habari anayoihitaji kuliko zote.

Kuna wapangaji wazembe, sikatai. Aliyebandika maharage akaenda zake kuangalia mpira, alipe.

Lakini chukua baridi ya Juni na Julai. Mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha la aluminiamu, analala. Kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, na nguvu za kufika mlangoni zinakwisha. Mwenye nyumba amekataza mkaa ndani, vizuri. Ila tundu la hewa hakuweka, jiko la nje hakujenga, na dirisha amelichomelea nondo zisizofunguka. Moto ukianzia mlangoni, mtu atokee wapi?

Shemeji yangu kapanga Pasua, Moshi. Mpira wa gesi ulishika moto, wakauzima kwa kufunga mtungi, pazia na rangi ya ukuta vikaharibika. Mama mwenye nyumba aliuliza kwanza kama kuna aliyeungua. Kesho yake akaja na fundi, wakakagua mipira ya vyumba vyote, wakakuta mingine miwili imepasukapasuka. Habari ya rangi waliiongea baadaye, wakagawana gharama. Tangu hapo, anasema shemeji, wapangaji wanampigia simu hata swichi ikipata moto kidogo.

Kodi ya miezi sita tunalipa mkupuo, kwa hiyo hela ya fundi wa umeme mara moja kwa mwaka ipo. Na kwenye korido, pale ilipobandikwa zamu ya kuosha choo, ibandikwe pia namba ya Zimamoto: 114.