Eti "alikwama kwa steji": wacheni nijisemee mwenyewe

Kabla hiyo video ya mimi nikikwama kwa steji ifike kwa mamangu, kama haijafika, wacheni niseme ile sehemu beshte yangu ameikata. Ndio, ni mimi. Ndio, hiyo ni soksi.

Si mnamjua yule jamaa wa albamu, amekaa miaka miwili kwa bedsita Umoja akichanganya flamenko, ule muziki na densi ya Uhispania, na biti za kompyuta, juu yake nyatiti na udi wa taarabu, hana lebo, hana meneja, ana laptopu na madeni. Uzinduzi ulikuwa Ijumaa. Akasema anataka mtu wa kupiga makofi na kukanyaga mbao kama watu wa Andalusia, na mimi na huu mdomo wangu nikamwambia nimeimba kwaya miaka sita, makofi ndio utanifundisha?

Kumbe makofi ya kwaya na ya bulería, mdundo mmoja wa flamenko, hata hayajuani. Bulería unahesabu hadi 12, na mkazo uko kwa 12, 3, 6, 8 na 10. Nimefanyia mazoezi kwa matatu mpaka kondakta akadhani namdai chenji. Siku nilikalia kajoni, ngoma ya mbao unapiga ukiwa umeikalia, nikaiita boksi, nikapigwa lekcha nzima, ati imetoka Peru, ati Paco de Lucía, mpiga gitaa wa Uhispania, ndiye aliiingiza kwa flamenko miaka ya 1970. Sawa, pole boksi.

Shida ilikuwa viatu. Vya flamenko hugongwa misumari midogo mingi mbele na kwa kisigino ndio vilie. Mimi niko na vya mtumba, vya Gikomba. Nikampelekea fundi pale kona, nikamwambia mzee, nataka vilie. "Vilie aje, kijana?" Vilie tu, mzee. Akagonga. Saizi ya msumari sikuuliza. (Mzee kama unasoma hii, sina kinyongo, lakini tutaongea.)

Sasa wimbo wa tatu. Steji ni plaiwudi imewekwa juu ya kreti za soda. Nahesabu moyoni, sita, nane, nikifika kumi nikashusha mguu wa kulia na nguvu zote nilizozaliwa nazo, ikasema KRAA. Nikainua. Kisigino kikapanda ndani ya kiatu, kiatu kikabaki chini. Nikavuta tena, plaiwudi ndio ikaja, na kiti cha mpiga gitaa kikaja nayo, akanitazama kama mtu ameskia mkono kwa mfuko wake. Laptopu nayo haijui kuna mtu amekwama, biti zinaenda tu. Kiuno kwenda juu mimi ni Mhispania, mikono hewani, kidevu juu. Kiuno kwenda chini mimi ni mwarobaini. Watu wakadhani ni staili, wakaanza "olé! olé!", na kila olé navuta, jasho linaingia macho, mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele akasema na sauti ya mtu anaitisha chumvi, "Si uvue tu, kijana yangu?"

Nikavua. Soksi ilikuwa na tundu. Kidole gumba kikatoka kusalimia watu, simu zote zikainuka.

Hapo kwingine ni nyundo, bodaboda, kulala.

Asubuhi jamaa ananipigia, hata pole hakuna, ati ile kraa imeingia kwa rekodi safi sana na anataka kuiweka kwa rimiksi. Nimemwambia atume pesa ya viatu kwanza. Amenitumia ya kimoja.