Lalamiko la mfanyakazi ni la nani?

Marekani mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi leo bila kumweleza sababu, na sheria isimguse. Ndiyo kawaida ya majimbo yote isipokuwa Montana, mradi asiwe amemwonea mtu kwa rangi, dini, jinsia na mengine machache yaliyotajwa na sheria. Nyumbani Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Nikiwaeleza ndugu zangu wa Morogoro jambo hili hawaamini kabisa.

Kinachomlinda mfanyakazi huku ni chama cha wafanyakazi. Mimi nafanya usafi hospitalini, zamu ya usiku, hapa Minnesota, na mkataba wetu wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unasema hakuna kufukuzwa bila sababu ya haki. Ukionewa, mwakilishi wa chama anaandika lalamiko ndani ya siku zilizotajwa mkatabani. Linaanza kwa msimamizi, linapanda kwa mkuu wa idara, kisha kwa wakubwa wa utumishi. Wasipoelewana, linakwenda kwa mwamuzi wa nje anayekubaliwa na pande zote mbili. Mara nyingi huletwa orodha, wakakata majina kwa zamu hadi libaki moja. Uamuzi wake ni wa mwisho, na tangu mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani imezikataza mahakama kuutengua kwa sababu tu hazikubaliani nao.

Kuna haki moja ninayoipenda kuliko zote. Ukiitwa ofisini kuhojiwa, na unaona mahojiano yale yanaweza kukuletea adhabu, unaweza kudai mwakilishi wa chama awepo. Mahakama hiyohiyo iliithibitisha mwaka 1975 katika kesi ya Weingarten. Lakini ni lazima uidai mwenyewe. Bosi halazimiki kukukumbusha. Hapo ndipo wenzetu wengi wa Tanzania na Kongo wanapoumia. Tumelelewa tusibishane na mkubwa, basi mtu anaitikia tu, anasaini karatasi, anarudi kwenye deki lake. Nawaombeni sana, dai mwakilishi kabla hujajibu lolote.

Pamoja na mazuri hayo, utaratibu huu una dosari inayoniuma. Lalamiko likishapanda ngazi linakuwa mali ya chama. Mama mmoja wa zamu yetu alifukuzwa kwa madai ya kuondoka kazini bila ruhusa, usiku ambao mtoto wake alizidiwa. Lalamiko lake lilipita hatua zote za ndani bila mafanikio. Kabla halijafika kwa mwamuzi, kamati ya chama ikakaa, ikaamua kuliacha. Yeye hakuitwa kwenye kikao hicho. Alipata barua fupi kwa Kiingereza ambayo tulimsaidia kuisoma. Kwa mwamuzi hawezi kwenda mwenyewe, kwa sababu mlango huo una funguo mbili, moja ya chama na moja ya mwajiri. Na tangu kesi ya Vaca dhidi ya Sipes ya mwaka 1967, chama hakishtakiki kwa kuacha tu lalamiko. Ni lazima uonyeshe kimefanya hivyo kiholela, kwa ubaguzi au kwa nia mbaya, na una miezi sita tu ya kufungua kesi.

Sababu za chama nazijua. Gharama za mwamuzi kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu na mwajiri, wakili naye analipwa, na fedha hizo ni ada zetu sote. Kesi dhaifu ikishindwa, wengine watapimwa kwayo. Yote sawa. Lakini kumwamulia mtu riziki yake hayupo chumbani, bila kumsikiliza kwa lugha anayoimudu, hiyo si haki, hata kama sheria inaruhusu.

Nyumbani lalamiko ni lako. Ukiachishwa kazi una siku 30 kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, uwe mwanachama wa chama au usiwe. Hakuna kamati ya kuomba ruhusa. Msuluhishi anajaribu kuwapatanisha ndani ya siku 30. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi.

Tunapoanguka sisi Watanzania ni chini kazini, kabla ya kufika Tume. Mfanyakazi anapewa barua ya kujieleza, anaitwa kikao cha nidhamu, anakaa peke yake mbele ya mameneja, ilhali utaratibu unamruhusu kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Tawi la chama lipo, makato yanakatwa kila mwezi, lakini sehemu nyingi viongozi wake unawaona Mei Mosi wakigawa fulana na kofia. Ukifika Tume, kazi imeshakwenda, mwajiri ana wakili, wewe unakopa nauli. Hata ukishinda, anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba uamuzi upitiwe upya, na wewe ukaendelea kusubiri. Binamu yangu, dereva, yamemkuta hayo, na nguvu za kufuatilia zikamwishia.

Kwa hiyo nawatamania walioko nyumbani wapate mwakilishi kama wetu, anayeacha kazi yake usiku wa manane aje akae kando yako. Na sisi wa huku tupate sauti katika lalamiko letu wenyewe. Tumeshapeleka pendekezo la kubadili kanuni za tawi letu: mwenye lalamiko aitwe kwenye kikao kinachoamua kuliendeleza au kuliacha, awe na mkalimani, apewe sababu kwa maandishi, na aweze kukata rufaa mbele ya mkutano wa wanachama. Vipo vyama huku ambavyo tayari vinaruhusu rufaa ya aina hiyo. Kura inapigwa mwezi ujao, mchana, saa ambazo zamu ya usiku huwa tumelala, na Waswahili tulioko humu tunatosha kuipitisha tukiamka.