Ziwa Letu Liko Nyuma ya Ukuta

Jumapili nilikaa kando ya Ziwa Michigan hapa Chicago, na hakuna mhudumu aliyenijia na "Tukuhudumie nini, kaka?" Nimekaa bure! Kwa mtu wa Mwanza hilo si dogo. Sisi Ziwa Victoria tunalitazama kwa bei ya soda.

Tembea kwa miguu Capri Point, mtaa wetu wa ufukweni kule Mwanza, uone. Maji yako palepale, mawimbi unayasikia, ila katikati kuna ukuta uliopandwa vipande vya chupa, geti, na mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani. Namtafuta nani? Natafuta ziwa. Basi unaishia pale kwenye Jiwe la Bismarck, unapiga picha, unarudi zako.

Najua mtakachosema: kashaonja theluji, sasa anatufundisha kuishi. Haya. Mbona ziwa letu ni kubwa kuliko lao, kama kilometa za mraba 68,800 kwa 58,000 za Michigan, na hakuna msanifu angeweza kuipanga miamba ile kama ilivyojipanga yenyewe. Hata kwa usafi wasitutambie. Walimwaga uchafu ziwani mpaka mwaka 1900 ikabidi waugeuze mto wao utiririke kinyumenyume. Mto Mirongo wetu wa Mwanza, na uchafu wake, una ndugu yake huku.

Ila mimi kazi yangu ni usanifu majengo, na kinachoniuma ni kwamba wenzetu walianza kwa kuchora kisichojengwa. Mwaka 1836 Chicago ilikuwa kijiji cha matope, haijaitwa hata jiji. Waliokuwa wakiuza viwanja wakaandika kwenye ramani kwamba kipande cha ufukwe ni cha umma, kibaki wazi milele. Baadaye yakaja majengo kutaka kukimega, mfanyabiashara Montgomery Ward akaenda mahakamani, kesi juu ya kesi, kuanzia 1890 hadi 1911, huku wakubwa wenzake wakimnunia. Wasanifu Daniel Burnham na Edward Bennett walipotoa mpango kabambe wao wa jiji mwaka 1909, walisema wazi kuwa ufukwe ni haki ya wananchi.

Kwa hiyo ile ya "wale wana hela" iwekeni pembeni. Kijiji cha matope kilikuwa na hela gani?

"Sheria tunazo." Tunazo, tena nzuri. Ya mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukweni. Lakini kukataza kujenga si kumpa mama wa mtaa wa Igogo njia ya kupita. Meta 60 zilizofungiwa ndani ya geti la mtu ni bustani yake. Na maeneo ya wazi tunayajua: kwenye ramani ni kijani, ukifika unakuta msingi umechimbwa na lori linashusha mchanga.

"Rudi basi ujenge wewe." Nikirudi nitanunua kiwanja kama wewe, na kikiwa cha ufukweni huenda nami nikazungusha ukuta, maana jirani kazungusha. Ndiyo maana sitaki hisani ya mwenye kiwanja. Nataka kijia kichorwe kabla yake. Huko pembezoni ambako bado wanapima, meta tatu tu kila baada ya viwanja kadhaa, mpaka majini. Na bwana ardhi akisema kijia hakina hati, aulizwe ng'ombe wa Wasukuma walikuwa na hati gani walipokuwa wakiteremka hapohapo kunywa maji.