Skuta ya Magurudumu Matatu Inayolala Kwenye Kona: Inamfaa Nani?

Anayetaka kuzielewa skuta hizi aiweke bajaji pembeni kwanza. Bajaji ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na ikiingia kona inabaki wima. Dereva akiikata kona kwa kasi, gurudumu la ndani linanyanyuka na safari inaweza kuishia mtaroni. Skuta ninayoizungumzia imepangwa kinyume: magurudumu mawili mbele, moja nyuma, na kwenye kona inalala kama pikipiki huku yote matatu yakiwa yameshika lami. Piaggio ya Italia ndiyo iliyoipa umaarufu Ulaya kwa MP3 yake ya mwaka 2006, na barabara za Paris zimejaa MP3 hadi leo. Lakini MP3 ni ghali. Mwaka 2014 Yamaha walileta Tricity 125, iliyotengenezwa Thailand na kuuzwa Ulaya kwa bei isiyofika euro 4,000. Hapo ndipo mtu wa kipato cha kawaida alipoanza kupiga hesabu kwa dhati: je, niongeze hela juu ya bei ya skuta ya kawaida nipate gurudumu la ziada, au nitakuwa nalipia pambo?

Pambo silo. Ila wanunuzi wengi wanalipia kitu wasichokijua, na hilo linanitia wasiwasi kwa sababu linagusa usalama wa mtu.

Dhana iliyoenea ni kwamba magurudumu matatu hayaanguki. Tricity 125 inaanguka. Ukifika kwenye taa nyekundu unashusha mguu kama mwendesha pikipiki yeyote, na usiposhusha, kilo zaidi ya 150 zinalala ubavuni pamoja na wewe. Sababu iko kwenye muundo wenyewe. Magurudumu ya mbele yameshikwa kwenye fremu kwa vyuma sambamba vyenye viungo vinavyocheza. Upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka, na ndivyo skuta inavyoweza kulala kwenye kona bila gurudumu kuachia lami. Viungo hivyo havijui kama unatembea au umesimama. Kinachoweza kulala kikiwa mwendoni kitalala pia kikiwa kimesimama.

MP3 ina dawa ya hilo. Ukikaribia kusimama na umeachia mafuta, unabonyeza kitufe, viungo vinakazwa, na skuta inabaki wima huku miguu yako ikiwa bado juu. Ukivuta mafuta tena inajifungua. Kwenye Tricity 125 kufuli hiyo haipo. Yamaha waliiweka kwenye Tricity 300 ya mwaka 2020, ambayo ni chombo kikubwa zaidi na bei yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu mwenye goti bovu, au mzee anayehofia uzito wa pikipiki kwenye foleni, akiinunua ile ya bei nafuu kwa kudhani itambeba ikiwa imesimama, amenunua isiyomfaa.

Unacholipia kwa kweli ni mshiko wa mbele. Anayeendesha mjini wakati wa mvua anajua kinachotisha ni nini: mfuniko wa chemba katikati ya kona, reli za tramu zinazokatiza barabara kwa mshazari, mistari ya rangi ya kivuko cha miguu, majani yaliyolowa. Gurudumu la nyuma likiteleza kidogo, mara nyingi unapata nafasi ya kurekebisha. La mbele likiteleza, uko chini kabla hujajua kimetokea nini. Sasa weka magurudumu mawili mbele. Moja linapokanyaga mfuniko, jirani yake bado liko kwenye lami, skuta inatikisika kidogo na kuendelea. Kwenye breki faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtu akifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, na huko sasa kuna matairi mawili ya kuupokea na diski mbili za kuusimamisha. Kwa anayekwenda kazini kila siku kwenye mji wa mvua na tramu, siioni skuta nyingine ya bei hiyo inayompa kinga ya namna hii, na sioni haja ya kulipamba hilo kwa maneno mengi.

Lakini gurudumu la nyuma linabaki moja, na ndilo linalosukuma. Ukivuta mafuta kwa pupa juu ya reli yenye maji, litateleza vilevile kama la skuta yoyote. Halafu kuna jambo ambalo hulioni mpaka uipande: chombo hiki kina njia tatu barabarani. Mwendesha pikipiki akiona shimo anapitisha gurudumu la mbele pembeni, na la nyuma linafuata mkondo huohuo. Hapa magurudumu ya mbele yanapita moja kushoto moja kulia, unajiona umelivuka shimo salama, kisha la nyuma linalotembea katikati linalipiga lote. Inabidi ujifunze upya kusoma barabara. Upepo wa matairi ya mbele nao unataka uangalizi, kwa sababu moja likipungua kuliko jingine usukani unaanza kuvuta upande.

Gharama haziishii dukani. Matairi ni matatu, na ya mbele hubadilishwa kwa jozi. Pedi za breki ni za diski tatu. Viungo na beringi za mbele ni nyingi kuliko za skuta ya kawaida, na kila kimoja kikilegea usukani unapoteza uhakika wake. Injini ni ya sisi (cc) 125, nguvu zake zinafika farasi 11 hivi, na inaburuta uzito mkubwa kuliko wa skuta nyingi za kiwango chake. Mjini inatosha, ila kwenye barabara ya kasi malori yatakuwa mgongoni mwako. Haya yote yanavumilika kwa anayejua alichokifuata.

Mvutano mkubwa zaidi uko kwenye leseni. Sheria za Ulaya zinahesabu magurudumu mawili ya ekseli moja kuwa kama gurudumu moja ikiwa umbali kati yake haufiki milimita 460. Tricity ya kwanza ilikuwa nyembamba kuliko hapo, ikahesabiwa kuwa pikipiki. Piaggio walitengeneza MP3 aina ya LT iliyo pana kuliko kipimo hicho, ikaingia kundi la magurudumu matatu, na mlango ukawa wazi kwa wenye leseni ya gari. Ufaransa, tangu mwaka 2011, mafunzo yanayodaiwa kwa dereva wa gari wa namna hiyo ni saa saba. Wanaoitetea sheria wana hoja nzito: kila anayeliacha gari nyumbani anapunguza foleni na moshi, na chombo chenyewe kina mshiko mzuri. Naikubali hoja hiyo hadi hapo. Ninapoachana nao ni kwenye injini. Kumkabidhi mtu MP3 ya sisi 500 baada ya saa saba, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kulaza chombo kwenye kona, ni kumpa nguvu kabla ya ujuzi. Gurudumu la ziada linasaidia kwenye utelezi. Halimfundishi mtu kuangalia mbali kwenye kona, wala kutambua dereva wa gari ambaye hajamwona.

Ndiyo maana naona ile ya bei nafuu, pamoja na kukosa kufuli, ni mwalimu wa haki zaidi. Kila taa nyekundu inakulazimisha kutafuta mizani kwa mwili wako, na nguvu zake ndogo zinakupa muda wa kujifunza.

Na huku kwetu Afrika Mashariki? Nimewasikia watu wakisema hili ndilo jibu la ajali za bodaboda. Nasita. Bodaboda hubeba mzigo nyuma: abiria, mara nyingi wawili, gunia la mkaa, mtungi wa gesi. Kuongeza gurudumu mbele hakusaidii kitu mahali uzito ulipo. Bajaji ilipewa magurudumu mawili nyuma kwa sababu hiyo. Japani nao wana Honda Gyro tangu mwaka 1982, yenye mawili nyuma na moja mbele, ambapo sehemu ya dereva inalala kwenye kona na ya mzigo inabaki wima. Imefanya kazi ya kusambaza bidhaa na chakula kwa miaka mingi. Wazo lake lilitoka kwa Mwingereza George Wallis, ambaye Ariel 3, chombo cha magurudumu matatu kilichojengwa juu ya ubunifu wake na kuuzwa na BSA, kampuni ya pikipiki ya Uingereza, mwaka 1970, ilishindwa vibaya sokoni. Ukitafuta chombo cha kazi, huko ndiko kwa kuangalia. Tricity ni ya mtu mmoja anayejiendesha mwenyewe kwenda kazini, kwenye lami, Dar es Salaam au Mombasa, na mvua za masika zingeionyesha thamani yake. Kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, njia zake tatu ni taabu, na matope yatajibana katikati ya vile viungo vya mbele. Tena spea: tairi utapata, ila kiungo kimoja cha mbele kikifa unaweza kuiegesha skuta hadi kifaa kiagizwe ng'ambo.

Anayeitaka ya mtumba aikague mbele kabla ya kusikiliza injini. Aisimamishe kwa stendi ya katikati, ashike tairi moja la mbele na kulitikisa kwa mikono miwili, kisha la pili. Likicheza, au kukisikika mgongano wa vyuma, beringi na viungo vimekwisha. Kisha alinganishe ulaji wa matairi hayo mawili. Moja likiwa limeliwa upande kuliko mwenzake, kuna chuma kilichopinda, pengine kwa ajali ambayo muuzaji hakuitaja, na bei ya kunyoosha sehemu hiyo inaweza kumaliza unafuu wote uliomvutia.