Embe Mbili kwa Jiwe Moja: Toleo la Mhusika Mwenyewe

Wadau, kwanza naomba mfute ile video. Najua hamfuti. Basi angalau sikilizeni na upande wangu, maana yule fundi friji anayejiita rafiki yangu ameikata pale anapotaka yeye, akaiwekea taarabu kwa chini, akaibandika stetasi. Leo asubuhi muuza genge wa mtaani kwetu kaniuliza mbele za watu: "Baba Embe, unachukua moja au mbili?"

Haya.

Mke wangu tangu mwanzo hakutaka kujua jinsia ya mtoto. Kwao Shinyanga, anasema, mtoto anajulikana akishatoka. Mimi nilitaka kujua, tena sababu zangu zilikuwa za kiuchumi: ndoo ya rangi nyeupe ya chumba cha mtoto nilishanunua, nilikuwa nasubiri tu kujua nichanganye na nini. Tukabishana hadi mama mkwe akaja kwa basi na gunia la mchele na michembe, akasema mashine ya nini wakati macho anayo. Akalitazama tumbo: limechongoka, dume. Jirani akaja kusalimia, akalitazama tumbo hilo hilo: limetandaa, jike. Mke wangu akila ndimu na udongo, mmoja anasema ni dalili ya dume, mwingine anasema ya jike, na wote wana mifano ya watu waliozaa.

Aliyeniharibu mimi ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni nesi. Siku hiyo alikuwa anawasuta wale wazee wawili. Akasema, "Tumbo halisemi kitu. Yai la mama lina X tu. Mbegu ya baba ndiyo inayokuja na X au Y. Kwa hiyo aliyeamua ni shem, dada kapokea tu."

Aliyeamua ni shem! Mnajua mimi nyumbani hata chaneli ya tivii siamui. Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima.

Ndipo dada yangu akaleta wazo la jenda rivili: mpimaji aandike jinsia kwenye karatasi, aifunge kwenye bahasha, bahasha iende moja kwa moja kwa dada wa keki, ndani ya keki aweke pinki au bluu, sisi tujue pamoja na wageni. Mke wangu akakubali, shingo upande. Mchezo huu, kwa wasiojua, ulienezwa na mwanamke wa Marekani, Jenna Karvunidis, aliyekata keki yake mwaka 2008 na kuiandika mtandaoni. Mwaka 2019 akatangaza mwenyewe kwamba anajuta kuuanzisha, na huyo binti wa kwenye keki amekua anapenda kuvaa suti. Yeye kachukua miaka 11 kujuta. Mimi sikufikisha hata saa moja jioni.

Tukaenda kupiga utrasaundi. Shemeji alishatuambia kwamba kuanzia wiki ya 18 hadi ya 20 jinsia huwa inaonekana, "mtoto akikaa vizuri". Hayo maneno matatu ya mwisho sikuyatilia maanani. Aliongeza pia kwamba Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mama apigwe angalau kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, kuangalia umri wa mimba, kasoro na kama mtoto ni mmoja au zaidi, si kwa ajili ya keki. Nayo hiyo ya "mmoja au zaidi" ikanipita.

Chumbani nikamwambia mpimaji, "Kaka, usitamke neno. Andika, funga, nipe." Akapaka ile jeli, akazungusha kile kidude, akazungusha tena, akamgeuza mke wangu ubavu, akakunja uso. Akasema, "Ila baba, kuna kitu naomba niwa—" Nikaweka kidole mdomoni. Akasema, "Si siri, ni kwamba tu—" Nikaanza kuimba. Ndiyo, niliimba, ndani ya chumba cha kupimia. Mtu wa watu akatikisa kichwa, akaandika, akafunga bahasha.

Siku mbili kabla ya sherehe dada wa keki akanipigia. "Kaka, kuhusu ile karatasi..." Nikakata simu. Akapiga tena, nikakata tena, nikamtumia ujumbe: *Dada heshimu siri ya wateja.* Nikajiona mwanaume mwenye msimamo.

Sherehe ilikuwa nyuma ya nyumba, Kimara. Turubai, viti vya kukodi, spika za kijana wa jirani, timu pinki huku, timu bluu kule. Baba mkubwa wa mke wangu alikuwepo kwa simu ya video kutoka Shinyanga. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya soda, picha inaonyesha paji la uso na kofia.

Sasa hapa twende taratibu, maana video inaanzia pale ambapo mimi ningependa iwe imeshaisha.

Mikono yetu iko juu ya kisu. Watu wanahesabu. Kisu kinazama. Kipande kinatoka, upande wake wa kwanza ni pinki. Timu pinki wanaruka, jirani anamkumbatia mtu asiyemjua. Mke wangu anakigeuza kipande akiweke kwenye sahani. Upande wa pili, bluu. Bluu kabisa, ya sare za shule. Turubai zima likanyamaza. Hata kijana wa spika akapunguza sauti aone vizuri.

Mama mkwe ndiye aliyevunja ukimya. Alinyanyuka polepole, kama mtu anayesoma kitu cha mbali, halafu akapasua: "Kulwa na Doto!"

Jamani. Vigelegele vile sijawahi kuvisikia hata siku ya harusi yangu. Watu wakaja mbele kututunza, noti zinabandikwa paji la uso, shangazi mmoja ananivisha kitenge, baba mkubwa kwenye simu anauliza "Wawili? Wawili?" akaahidi ng'ombe wawili papo hapo, kila mtoto na wake. Mke wangu ananivuta shati. Ananiambia sikioni, "Ni mmoja. Nilimwona kwenye mashine, ni mmoja." Nilimsikia, sikatai. Ila shangazi wa kitenge naye alimsikia, akajibu kwa niaba yangu: "Mapacha hujificha, mwanangu! Mmoja hukaa nyuma ya mwenzake!" Nikaona hoja ya shangazi ina mashiko. Mshereheshaji akaninyooshea maiki.

Mtu mwenye busara angesema asanteni.

Mimi nikakohoa. Nikamtazama fundi friji, ambaye tayari ameshika simu juu. Nikasema, na haya ndiyo maneno yenyewe, hajayachezea: "Ndugu waalikwa. Wataalamu wameshathibitisha kwamba anayeamua ni baba." Makofi. "Sasa wapo wanaume wanaorusha mawe wiki nzima, mwembe unawatazama tu." Vicheko, tena vya wakwe zangu. Nikainua vidole viwili juu. "Mimi nimerusha jiwe moja. Zimedondoka embe mbili!"

Mbele ya mama mkwe, wadau. Mbele ya mchungaji.

Na nilivyo, sikuishusha ile mikono. Nikabaki na vidole viwili hewani, nageuka kushoto na kulia ili kila upande uone. Ndipo nyuma kule nikaona mkono mwingine umenyooshwa, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Dada wa keki, na aproni yake.

"Samahani kaka. Nilikupigia."

Akaja mbele, akatoa karatasi kwenye kipochi, akaikunjua mara nne. Mshereheshaji, Mungu anamwona, akamsogezea maiki. Akasoma: "Mtoto mmoja. Amebana miguu, jinsia haijaonekana. Warudi baada ya wiki mbili." Akainua uso. "Sasa mimi sikujua niweke rangi gani, na hela nilishapokea. Nikaona niweke zote, nisije nikakosea."

Sijui ni spika au ni masikio yangu, lakini lile neno "mmoja" lilitoka kubwa kuliko mengine. Vidole vyangu bado vilikuwa juu. Viwili. Watu wote wanavitazama. Sikujua la kufanya, nikakunja kimoja.

Hapo ndipo video inapoganda. Hapo ndipo mmetengeneza stika.

Mngedhani yameisha. Shemeji nesi naye akaomba maiki, kuelimisha jamii. "Halafu shem, hata wangekuwa mapacha wa kike na wa kiume, hao hutokana na mayai mawili, na mayai ni ya dada. Kwa hiyo embe zote mbili zingekuwa sifa yake." Mama mkwe ndiye aliyecheka kuliko wote, akaketi chini kabisa, kwenye nyasi.

Mengine yalikwenda haraka. Ng'ombe mmoja amerudi zizini kwa tamko la simu. Kitenge kimevuliwa mabegani mwangu kwa upole. Hela za kutunzwa hakuna aliyezidai, isipokuwa fundi friji aliyetaka "nusu ya pacha". Keki ilikuwa tamu, hilo niseme ukweli, na dada yule sasa ana oda mpaka mwezi ujao, za rangi mbili.

Juzi tumerudi kupima. Mtoto alikuwa amekaa vizuri, ametanua miguu bila wasiwasi wowote. Mpimaji aliponiona mlangoni akaniuliza kama nimekuja na nyimbo zangu, nikaambiwa nisubiri nje kwenye benchi. Mke wangu, ambaye hakutaka kujua, anajua. Mama mkwe anajua, alikuwa ndani anashika mkoba. Shemeji kaambiwa kwa simu. Jirani sijui nani kamwambia, ila jana kaniletea soksi ndogo zilizofungwa kwenye gazeti, na kwa amri kutoka ndani siruhusiwi kulifungua.

Ndoo ya rangi bado iko koridoni. Fundi wa rangi nimemwomba anidokeze, akasema ameelekezwa aje siku ambayo mimi niko kazini.